Usijifiche, Mama: Kushindwa Kuzuia Haja Kubwa Kuna Tiba

Kwa miaka mingi kanisani kwetu hapa Mitundu palikuwa na mama aliyekaa siku zote kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Aliingia wimbo wa kwanza ukiwa umekwisha, akatoka kabla ya sadaka. Kwenye vikao vya akina mama hakuonekana. Pakiwa na msiba, alileta unga na kuni alfajiri, akaondoka kabla watu hawajajaa. Wengi tulisema ana maringo. Wengine walisema amekatazwa na mumewe. Hata sisi tunaofanya kazi ya uuguzi, ambao tulimwona kila wiki, tuliyakubali maneno hayo bila kuuliza.

Siku moja tulikwenda kwake kumpa pole kwa kufiwa na shangazi yake. Mvua ilinyesha sana, ikatulazimu kukaa mpaka jioni. Tulimwona akiinuka mara kwa mara kwenda nyuma ya nyumba. Kwenye kamba palikuwa na vipande vingi vya kanga kuukuu vilivyofuliwa. Mmoja wetu akamuuliza kwa upole, "Dada, una mtoto mchanga humu ndani?" Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mtoto ni mimi."

Ndipo alipotueleza. Ilikuwa mwaka wa 11 tangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto alikuwa mkubwa, uchungu ulikuwa mrefu, naye alichanika vibaya. Alishonwa haraka, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Katika wiki hiyo hiyo aliona hewa na choo vikimtoka bila yeye kutaka. Alirudi mara moja kuuliza, akajibiwa, "Hiyo ni kawaida kwa mzazi, itapita." Haikupita. Naye hakurudi tena.

Jibu lile lilituchoma, maana sisi wenyewe tumewahi kulitoa. Zamu ya usiku, muuguzi mmoja, akina mama wengi, taa hafifu: mama anasema "nasikia vibaya huku chini," nasi tunamwambia apumzike, itapita. Hatuna budi kukiri kwamba akina mama wengine wamebaki na ulemavu huu kwa sababu hatukuangalia vizuri, au hatukusikiliza.

Kwa hiyo mwezi huu, mpendwa msomaji, tumeamua kulizungumza jambo ambalo halizungumzwi hata kati ya dada na dada. Huenda wewe unalo. Huenda analo mama mkwe wako, wifi yako, au jirani unayemwona ana maringo.

TATIZO HILI NI NINI?

Katika hali ya afya, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hutunza choo mpaka mtu awe tayari kwenda msalani. Mlango wake hufungwa na misuli ya mviringo iliyo katika tabaka mbili. Tabaka la ndani hujifunga lenyewe bila sisi kufikiri, hata tukiwa usingizini. Tabaka la nje ndilo tunalolibana kwa hiari yetu tunapoona haja imekuja na mahali hapafai. Pia kuna mishipa ya fahamu inayotuarifu kama kilichofika mlangoni ni hewa, choo laini au choo kigumu.

Misuli hiyo ikikatika, mishipa ya fahamu ikilegea, au pakitokea tundu mahali pasipostahili, mtu hushindwa kujizuia. Kwa mmoja ni hewa tu inayomponyoka. Kwa mwingine ni choo laini anapoharisha, au alama kwenye nguo ya ndani. Kwa mwingine ni choo chote, mchana na usiku. Hizo ni hatua mbalimbali za tatizo moja, na kila hatua inastahili kutibiwa.

Tafadhali tuelewane hapa: hali hii si uchafu, si uvivu wa kuoga, si laana ya ukoo, wala si adhabu ya dhambi ya siri. Ni jeraha au ugonjwa wa kiungo, kama vile mfupa unavyovunjika.

KUCHANIKA WAKATI WA KUJIFUNGUA

Kwa akina mama ambao bado wanazaa, hii ni sababu kubwa. Kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa kuna nyama inayoitwa msamba. Mtoto anapotoka, msamba huvutika sana na mara nyingi huchanika. Wauguzi tunagawa kuchanika huko katika ngazi 4. Ngazi ya 1 ni ngozi tu. Ya 2 hufika kwenye misuli ya msamba. Ya 3 hugusa ile misuli ya mviringo tuliyoitaja. Ya 4 hupasua misuli hiyo na kuingia mpaka ndani ya utumbo.

Ngazi mbili za kwanza hupona vizuri zikitunzwa. Ngazi ya 3 na ya 4 zinahitaji mtaalamu aliyefundishwa kuzishona, mwanga mzuri, dawa ya ganzi ya kutosha, na mara nyingi chumba cha upasuaji. Zikishonwa sawasawa mapema, akina mama wengi hupona. Zikishonwa ngozi ya juu tu huku misuli ya ndani imeachana, kidonda huonekana kimepona kwa nje, lakini mlango haufungi tena.

Walio katika hatari zaidi ni wanaozaa kwa mara ya kwanza, wenye mtoto wa kilo 4 au zaidi, wanaosukuma kwa muda mrefu, wenye mtoto aliyelala akitazama juu, na wanaosaidiwa kwa vyuma vya kuvuta kichwa cha mtoto. Kuongezewa njia nako si kinga ya hakika, kwani mkato unaweza kuendelea kupasuka mpaka kwenye misuli.

Kwa sababu hiyo, mama, una haki ya kukaguliwa baada ya kujifungua. Mkunga anapaswa kuangalia kwa mwanga wa kutosha na, kwa ruhusa yako, kupima kwa kidole chenye glavu katika njia ya haja kubwa ili ajue kama misuli ni mizima. Ni kipimo cha dakika moja. Kinaweza kukuepusha na miaka 11 ya benchi la mwisho.

FISTULA

Fistula ni tundu linalotokea kati ya njia ya uzazi na kibofu cha mkojo, au kati ya njia ya uzazi na utumbo wa haja kubwa. Mama mwenye tundu la pili huona choo na hewa vikipitia mbele. Wengine wanayo yote mawili.

Hutokea hasa kwa uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama na hawezi kupita kwenye nyonga. Kichwa chake hugandamiza nyama za mama kwenye mfupa kwa saa nyingi, pengine siku mbili au tatu. Damu haifiki mahali pale, nyama hufa, na baada ya siku kadhaa hudondoka na kuacha tundu. Mara nyingi mtoto naye huwa amekufa. Mama hurudi nyumbani hana mtoto, ananuka, wala haelewi kilichompata.

Ikumbukwe kwamba uchungu pingamizi hauletwi na uzinzi. Kuna mila zinazomlazimisha mama aliyekwama ataje wanaume aliotembea nao ili mtoto atoke. Jambo hilo humpotezea saa ambazo angekuwa njiani kwenda hospitali.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA, linakadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao 500,000 duniani wanaishi na fistula, wengi wao Afrika na Asia. Katika nchi ambazo mama aliyekwama hufanyiwa upasuaji mapema, fistula ya uzazi imekuwa nadra sana. Ni dalili kwamba huduma ilichelewa. Mwaka 2003 shirika hilo lilianzisha kampeni ya kuitokomeza, na tangu mwaka 2013 tarehe 23 Mei imekuwa siku ya kimataifa ya kuikumbuka kazi hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki na jirani zetu, wapo waliotangulia. Madaktari Reginald na Catherine Hamlin, mtu na mkewe, walikwenda Ethiopia mwaka 1959, na mwaka 1974 wakafungua hospitali ya fistula mjini Addis Ababa. Hospitali hiyo na matawi yake imewatibu wanawake zaidi ya 60,000. Huko Bukavu, mashariki mwa Kongo, Daktari Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi amewashona wengi walioumizwa kwa kubakwa wakati wa vita, naye alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018.

SABABU NYINGINE

Si kila mwenye tatizo hili aliumia katika uzazi. Kisukari cha muda mrefu, kiharusi na majeraha ya uti wa mgongo huharibu mishipa ya fahamu. Kuharisha kwa muda mrefu huishinda hata misuli yenye nguvu. Kuna wanaotokwa na kinyama, yaani utumbo hutokeza nje wanapokwenda haja. Kansa ya mlango wa kizazi iliyochelewa kutibiwa nayo inaweza kutoboa tundu. Hivyo ni vema kila mama akapimwe kansa hiyo kabla hajaona dalili.

Kwa bibi na babu zetu, kuna jambo linalowadanganya watu wengi. Mzee hapati choo siku nyingi, kinaganda na kukwama ndani. Kisha kile chepesi hupita pembeni na kuchafua nguo. Watu wa nyumbani husema anaharisha, wanampa dawa ya kufunga tumbo, na hali inazidi. Kumbe tatizo ni kukosa choo! Mpelekeni apimwe kabla ya kumpa dawa yoyote.

Mtoto wa miaka 4 na kuendelea ambaye anachafua nguo mara kwa mara anaweza kuwa na tatizo hilo hilo la choo kilichokwama. Anaogopa kwenda haja kwa sababu inauma, na kadiri anavyojizuia ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu. Kumchapa au kumwaibisha mbele ya wenzake hakusaidii. Anahitaji dawa ya kulainisha choo, maji, matunda, na muda wa kukaa chooni bila kukemewa.

NENDA UKASEME NINI?

Akina mama wengi hufika kliniki wakasema "naumwa tumbo" au "naumwa kiuno," wakaandikiwa dawa, wakarudi. Tunakuomba useme wazi, "Nashindwa kuzuia haja kubwa." Ukiona aibu kutamka, andika kwenye kikaratasi umpe muuguzi. Omba mzungumze faraghani.

Kabla ya kwenda, weka kumbukumbu ya wiki moja: lini imetokea, choo kilikuwa kigumu au laini, ulikuwa umekula nini, ulisikia haja au hukusikia kabisa. Eleza pia:
- umezaa mara ngapi, na kama ulichanika au uchungu ulizidi siku moja;
- kama choo au hewa hupitia mbele;
- kama mkojo nao unavuja;
- dawa unazotumia na magonjwa uliyonayo.

Daktari atakuangalia, atapima kwa kidole, na pengine ataweka maji ya rangi au atatumia mashine ya picha ili aone tundu au misuli iliyokatika.

Usingoje hata siku moja ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, au ukishindwa kujizuia ghafla huku miguu imelegea, huko chini kumekufa ganzi na mkojo hautoki. Hiyo ya mwisho ni dharura ya uti wa mgongo.

UNAYOWEZA KUFANYA NYUMBANI

Chakula. Lengo ni choo cha wastani, kisicho kigumu wala majimaji. Choo laini sana ndicho kinachoponyoka kwa urahisi. Ugali wa dona, uwele au mtama, kunde, mboga za majani na papai husaidia wanaokosa choo, lakini ongeza kidogo kidogo, kwani ukizidisha siku moja utapata gesi. Ukiona choo chako ni chepesi, punguza pilipili, mafuta mengi, kahawa, chai nzito na vitu vitamu, kisha uangalie. Wengine husumbuliwa na maziwa. Kile kikaratasi chako cha kumbukumbu kitakuonyesha.

Maji. Tunawafahamu akina mama wanaojinyima maji na chakula ili wasichafuke, hasa siku ya Jumapili au ya safari. Usifanye hivyo. Kujinyima huleta choo kigumu, udhaifu na maradhi ya mkojo. Kunywa glasi 6 mpaka 8 kwa siku.

Saa ya choo. Utumbo huamka baada ya kula. Kaa chooni kila siku nusu saa hivi baada ya chai ya asubuhi, bila kukamua kwa nguvu. Baada ya wiki kadhaa utumbo hujifunza saa yake, nawe utatoka nyumbani ukiwa na amani.

Mazoezi ya misuli. Keti au lala. Bana njia ya haja kubwa kana kwamba unazuia hewa isitoke mbele ya wageni. Usibane makalio wala mapaja, na usizuie pumzi. Hesabu mpaka 5, achia, pumzika, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Ukizoea, hesabu mpaka 10. Unaweza kufanya ukiwa unachambua mboga, na hakuna atakayejua. Usikate tamaa ukikosa mabadiliko katika wiki ya kwanza. Huchukua miezi 3 hivi. Mazoezi haya huimarisha misuli iliyolegea, lakini hayazibi tundu la fistula wala hayaungi misuli iliyoachana kabisa.

Ngozi. Jisafishe kwa maji safi ya uvuguvugu, jifute kwa kugusa bila kusugua, kisha paka mafuta mazito ya kujipaka ili choo kisichome ngozi. Vitambaa viwe vya pamba, vifuliwe kwa sabuni, visuuzwe vizuri na kuanikwa juani. Usiviche kando ya ukuta kwa sababu ya aibu, kwani kitambaa kibichi huleta fangasi.

Usiweke chumvi, majani, magadi wala dawa ya kuua vijidudu huko chini. Tumewaona waliochomwa vibaya, na makovu yao yakamwongezea daktari ugumu wa kushona.

UPASUAJI

Tundu la fistula ya haja kubwa na misuli iliyoachana huhitaji kushonwa. Kama kuchanika kumegunduliwa mapema na kidonda ni safi, hushonwa mara moja. Kama siku zimepita na kidonda kimeingia vijidudu, madaktari husubiri kwa kawaida miezi 3 hivi ili nyama zipate afya. Hata likiwa la miaka 10 au 20, jeraha bado linaweza kutengenezwa. Usijiambie kwamba umechelewa.

Katika majeraha makubwa, daktari anaweza kutoboa njia ya muda tumboni ili choo kitoke kwenye mfuko wakati kidonda cha chini kinapona, na baadaye akairudisha. Ikiwa kibofu nacho kimetoboka, utavaa mpira wa mkojo kwa muda wa wiki mbili hivi. Baada ya kushonwa utapewa dawa ya kulainisha choo, na mtatakiwa wewe na baba kukaa bila tendo la ndoa kwa miezi 3 hivi, au kama daktari atakavyosema. Mimba ijayo uitangaze kliniki mapema kabisa. Aliyeshonwa fistula hushauriwa kuzaa kwa upasuaji hospitalini. Aliyechanika ngazi ya 3 au ya 4 naye aongee na daktari kabla ya mwezi wa mwisho.

Hapa nchini, hospitali zilizojulikana kwa kazi hii ni pamoja na CCBRT Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi. Anza katika kituo cha afya kilicho karibu ili uandikiwe rufaa. Kwa sisi wa Mitundu, njia ni kupanda kwenda Itigi, penye Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, na kutoka hapo kuelekezwa mbele. Mwaka 2009 CCBRT ilianza kutuma nauli za wagonjwa wa fistula kwa simu kupitia mabalozi wao walioko mikoani. Kwa hiyo usiseme tu "sina nauli." Uliza kwanza kituoni kama kuna msaada wa nauli na wa matibabu.

BABA, MAMA MKWE NA SISI WENGINE

Mama mwenye shida hii huhamia chumba cha watoto. Baba hudhani amechukiwa. Pengine hutafuta mke mwingine bila kujua kwamba mkewe ni mgonjwa. Dada, tafuta wakati mzuri umweleze mwenzako kwa maneno machache: "Niliumia nilipomzaa mtoto wetu, na kuna tiba." Ukiogopa, mwombe muuguzi au mama mzee unayemwamini akusaidie kulisema. Waume tuliowaona wakiambiwa ukweli, wengine walilia. Si wote wanaokimbia.

Nasi tulio kanisani, tukumbuke yule mwanamke wa Injili aliyetokwa damu kwa miaka 12. Alikuwa amemaliza mali yake kwa waganga, na kwa sheria ya wakati ule hakutakiwa kuwagusa watu. Alikuja kwa nyuma, katikati ya msongamano, akitumaini hakuna atakayemwona. Bwana hakumwacha aondoke kwa siri. Alimwita, akamsikiliza mbele ya watu wote, akamwita binti. Sisi je, tunapoziba pua na kusogea pembeni, tunafuata mfano wa nani?

KUZUIA NI BORA

Binti asizae akiwa mtoto. Nyonga yake bado haijakomaa, na mwili wake ndio utakaolipa. Mwache asome.

Kila mjamzito ahudhurie kliniki na apange mapema: nani atamsindikiza, nauli iko wapi, nani atabaki na watoto. Sisi wa vijiji vya mbali huku vichakani tunajua jinsi barabara inavyokuwa wakati wa masika. Mwenye mimba ya kwanza, aliyewahi kupasuliwa, au anayekaa mbali, asogee karibu na hospitali siku kadhaa kabla ya tarehe yake.

Uchungu ukifika saa 12 na mtoto hajazaliwa, awe tayari mikononi mwa mtaalamu. Asingojwe shangazi, asingojwe mume arudi porini kwenye mizinga. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, hupokea simu bila malipo kwa namba 115 ili mama au mtoto mchanga apelekwe hospitali. Iandikeni namba hiyo ukutani, ijulikane hata kwa watoto.

Na ninyi wakunga wenzetu: angalieni, pimeni, shoneni kwa ustadi, na linalowazidi lipelekeni mbele. Mama akirudi kulalamika, tusimwambie "ni kawaida" kabla hatujamwangalia.

YULE MAMA WA BENCHI LA MWISHO

Pengine unauliza yuko wapi. Tulimwomba ruhusa tumweleze mumewe, akakubali. Yule baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Miaka yote hii nilijua hanitaki." Waliuza mbuzi wawili. Chama cha akina mama kilitoa sehemu ya fedha za alizeti, na wifi yake akachukua watoto. Alipewa rufaa, akashonwa katika hospitali kubwa, akakaa huko wiki kadhaa.

Hatutaki kukudanganya kwamba amekuwa kama alivyozaliwa. Kovu la miaka 11 si jambo dogo. Hewa bado humponyoka wakati mwingine, na akiharisha hubaki nyumbani. Anafanya mazoezi yake kila siku na anaangalia chakula. Lakini vile vipande vya kanga havipo tena kwenye kamba. Amerudi chumbani kwake.

Jumapili ya kwanza baada ya kupona alikaa benchi la tatu, akaimba mpaka mwisho, akatoa sadaka. Ibada ilipokwisha alitufuata nje akatuambia, "Kuna mwenzangu kijiji cha pili. Yeye hata kanisani haji. Nimemwambia mtakuja." Tulikwenda wiki ile ile, na yeye ndiye aliyetangulia kubisha hodi.